Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi: Tulivyomkopesha Binti Yetu Akasome Fedha za Majengo



 Tunawashukuru akina mama waliopika tangu jana usiku, na wenzetu wa Ruangwa waliopanda gari alfajiri. Kusini kuchele!

Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na Katibu. Mmesikia tulivyoanza mwaka 2015 tukiwa wanawake 30, hisa moja shilingi 2,000, sanduku moja na kufuli tatu. Hayo hatuyarudii. Kamati imetuomba tuzungumze jambo moja ambalo watu wa nje wanatuuliza sana, nalo ni hili: ilikuwaje kikundi cha wauza vitumbua, wakulima wa ufuta na wabangua korosho kikatoa fedha zake kumkopesha mtu akasome shahada ya pili? Tena shahada yenyewe si ya udaktari wala ya uhasibu, bali ya fedha na uwekezaji katika nyumba na ardhi. Sisi tunaosimama hapa tuliishia darasa la saba. Basi tutaeleza kama tulivyoelewa, na tukikosea binti mwenyewe yupo pale nyuma amekaa na watoto, atatusahihisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, hadithi hii inaanzia kwenye hasara.

Tangu mwaka 2017 tulikubaliana kwamba kila tunapovunja sanduku, kila mwanachama aache shilingi 60,000 katika mfuko wa maendeleo. Mwaka ule tulipata 1,800,000. Mwaka 2018 malipo ya korosho yalichelewa, wengi wetu hatukuwa na kitu, tukaambulia 600,000 tu. Mwaka 2019 tukarudi kwenye 1,800,000. Jumla 4,200,000. Kwa sisi hiyo ilikuwa fedha nyingi sana. Kila mtu akawa na mawazo yake, mwingine mashine ya kukamua mafuta, mwingine bodaboda. Lakini wakati ule huko Ruangwa habari zilikuwa za madini ya kinywe, watu wanapimapima kule Matambale, na kila dalali anasema viwanja vitapanda. Tukasema nasi tusiachwe. Mwaka 2020 tukanunua eneo katika kijiji kimoja pembeni ya mji. Tulikabidhi fedha taslimu, tukaandikiana karatasi, mashahidi sita, muhuri ukapigwa, tukapiga na vigelegele.

Baada ya miezi minne tulikwenda kufyeka, tukamkuta mtu mwingine anafyeka. Naye ana karatasi yake, na mashahidi wake, na muhuri. Ya kwake ilikuwa ya zamani kuliko ya kwetu. Aliyetuuzia alikuwa ameshahama. Jamani, siku ile tulirudi Nachingwea kwenye lori la mkaa hakuna aliyesema neno. Mama mmoja alikuwa ameficha mauzo ya mbuzi wake ili atimize ile 60,000, na mumewe hakujua. Alijua siku hiyo.

Basi ni katika hali hiyo, mwaka 2021, ndipo mwenzetu mmoja aliposimama kwenye mkutano akasema binti yake amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu Ardhi, anaomba mkopo wa shilingi milioni tatu. Chuo hicho wazee wanakikumbuka kwa jina la Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe. Ndiko wanakosoma wapimaji, wapanga miji, wathamini, na siku hizi watu wa fedha za milki. "Milki" ndilo neno la kitabu, yaani nyumba na ardhi kama mali ya kuzalisha.

Mkutano uliwaka moto. Tuseme ukweli, kwa kuwa kijitabu hiki watakisoma na wajukuu. Kuna aliyesema: "Jana tumeibiwa kiwanja, leo mnataka tuibiwe na shule?" Mwingine akasema fedha ya vitumbua haiwezi kumsomesha mtu ambaye ameshasoma, kama ni kusomesha tuwasomeshe watoto wetu wa darasa la kwanza. Hoja hiyo ilikuwa nzito na mpaka leo hatuwezi kusema ilikuwa ya kipumbavu. Mama Hazina wetu ndiye aliyetoa neno lililotugeuza. Alisema: "Ile karatasi yetu ya kiwanja tuliisoma sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kilichokosekana. Nataka mtu wetu mmoja ajue." Tukapiga kura ya kokoto. Waliokubali 18, waliokataa 12. Mkopo ukatoka, 3,000,000, arudishe 3,300,000, aanze miezi sita baada ya kumaliza. Wanachama watatu walitoka siku ile ile. Tuliwarudishia akiba yao ya mfuko, 120,000 kila mmoja, na mmoja wao mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia nyanya. Tunamheshimu. Kama yupo hapa, karibu mama, chakula kipo.

Sasa anasoma nini huko? Swali hilo tulimwuliza kila likizo, chini ya mwembe nyumbani kwa mama yake, na hayo ndiyo masomo yetu sisi.

Somo la kwanza alianza na ile karatasi. Akaisoma, akaiweka chini, akatuuliza: "Muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji uko wapi?" Tukatazamana. Akatuambia zipo sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Ardhi ya kijiji hainunuliwi kwa mashahidi sita na muhuri wa dalali. Lazima Halmashauri ya Kijiji iridhie, na iandikwe. Majirani wa mipaka waitwe. Na mwenye shamba aulizwe hati yake ya hakimiliki ya kimila, kama anayo. Akatuonyesha na kifungu cha 3 katika sheria zote mbili kinachosema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Wapo kati yetu waliokuwa wakilima shamba la marehemu mume miaka kumi na tano wakidhani wamekopeshwa na shemeji. Walilia.

Akaeleza pia kwamba mume hawezi kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Mama mmoja akauliza, "Na kama ameshaweka?" Hilo jibu lake lilikuwa refu na hatutalisema hapa.

Somo la pili lilikuwa la shilingi ya leo na shilingi ya kesho. Alituuliza: mtu akiwaahidi 100,000 mwaka kesho, leo mtaichukua kwa kiasi gani? Sisi tukacheka, tukasema laki ni laki. Akasema hapana. Sanduku lenu, mkitoa hesabu ya waliochelewa na fedha iliyolala, linazaa kama asilimia 20 kwa mwaka. Kwa hiyo 83,000 na kitu mkiiweka leo, mwaka kesho ni laki. Basi ahadi ya laki ya mwaka kesho kwenu ina thamani ya 83,000, na ya miaka mitatu ni ndogo zaidi. Akasema huko chuoni karibu kila kitu kinarudi hapo: nyumba si matofali, ni ahadi ya kodi za miezi mingi ijayo, na kazi ya msomi ni kuzileta zile kodi zote mpaka leo na kuuliza zina uzito gani, halafu kuangalia kama uzito huo unafika bei unayoombwa. Mwanamke anayenunua korosho mti ukiwa bado na maua anaijua hesabu hii, ila haandiki.

Somo la tatu ni la mji wetu wenyewe, na hili lilitugusa kuliko yote.

Ndugu wananchi, Nachingwea tunayoikanyaga ilipanuliwa na uwekezaji uliofeli. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu ili wapate mafuta ya kupikia baada ya vita. Walileta vifaru vya kivita vilivyogeuzwa matrekta kung'oa visiki. Kwa ajili yetu sisi ikajengwa reli kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Nyumba, karakana na hospitali zikaota porini. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimeliwa. Reli yenyewe, karanga zikiwa hazipo, haikuwa na cha kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iking'olewa. Baba mkwe wa mmoja wetu, sasa ni marehemu, alikata visiki ile miaka. Alikuwa akisema Wazungu walihesabu karanga kabla ya kuuliza udongo na mvua.

Binti akatuambia walimu wanafundisha kosa lile lile kwa maneno mengine: kujenga kwa sababu ya tetesi ya wapangaji ambao bado hawajaja. Akatutazama wanachama wa Ruangwa. Kinywe kipo, hilo si uongo. Lakini kiwanja kinachopanda bei kwa habari za redioni kinaweza kushuka kwa habari za redioni. Tukakumbuka mbaazi mwaka 2017, India ilipobana kununua, na sisi tulikuwa tumejaza magunia mpaka vitandani.

Tulidhani atakwenda kuandika kazi yake ya mwisho juu ya maghorofa ya Dar es Salaam. Kumbe alichagua fremu za maduka na vyumba vya kupanga vya Ruangwa na Nachingwea. Wasimamizi wakakubali. Basi likizo moja akatutuma. Wawili wetu wa Ruangwa walizunguka mitaa na daftari la kurasa 96, wakiandika mlango upi una mpangaji, upi una kufuli, kodi ngapi, mara ya mwisho kulipwa lini. Mtaa mmoja walikuta fremu saba zimefuatana zimefungwa, buibui mlangoni, na ya nane fundi yuko juu anaezeka bati. Wakamwuliza mwenye nyumba kwa nini anajenga. Akasema, "Kila mtu anajenga." Majina yetu binti aliyaandika katika ukurasa wa shukrani wa kitabu chake. Mama Hazina amekipiga picha ukurasa huo, anao kwenye simu, mwombeni awaonyeshe.

Alituambia pia habari za mikopo ya nyumba, kwa nini haitufikii. Zamani ilikuwapo Benki ya Nyumba ya Tanzania, ikafa mwaka 1995, na kwa miaka mingi mtu wa kawaida alijenga kwa tofali la leo na bati la mwaka kesho. Mwaka 2008 ikaja sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyakopesha mabenki ili nayo yakopeshe kwa miaka mingi. Lakini benki inataka hati, inataka mshahara unaojulikana, na riba ni asilimia 15 na kuendelea. Muuza vitumbua ana mshahara gani? Hapo hapo akatuambia habari iliyotuchekesha: Marekani tangu mwaka 1960 wana sheria ya mifuko ambayo watu wadogo wengi wananunua vipande, mfuko unamiliki majengo, kodi inagawanywa. Mama mmoja akasema, "Sasa hicho si kikundi chetu?" Binti akasema ndiyo, tofauti ni kwamba wao wana mkaguzi wa hesabu. Tangu siku ile nasi tunaye, mwalimu mstaafu, na tunamlipa kuku.

Ndugu Mgeni Rasmi, tusiwachoshe, ila hesabu ya mwisho lazima tuitoe kwa sababu ndiyo sababu ya mkutano ujao.

Mwanzoni mwa mwaka huu wanachama wengi tulikuwa tumeshaamua. Mfuko una shilingi 9,600,000. Tulitaka fremu nne hapa Nachingwea, kiwanja na jengo 24,000,000, na pengo la 14,400,000 tukope. Tulikuwa na mchoro umebandikwa ukutani, na jina la kikundi juu ya mlango. Sisi wenyewe viongozi ndio tulioubandika, hatumsingizii mtu.

Binti akaja, akatuomba chaki. Fremu nne kwa kodi ya 40,000, miezi kumi na miwili, ni 1,920,000. Akauliza: masika, fedha ya korosho ikiisha, fremu zote zina watu? Tukasema hapana. Akatoa fremu mbili kwa miezi mitano, ikabaki 1,520,000. Akatoa ukarabati, kodi ya serikali, taa ya nje na mlinzi, 320,000. Ikabaki 1,200,000. Asilimia 5 ya fedha yote. Miaka ishirini kurudisha mtaji, na hapo hatujakopa.

Sasa tukikopa benki kwa asilimia 18, riba peke yake ya mwaka wa kwanza ni 2,592,000. Fremu zinaleta 1,200,000. Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja akainuka, akasema basi tukope ule mkopo wa halmashauri wa vikundi vya wanawake, hauna riba. Swali zuri. Binti akasema sawa, tuseme mnarudisha kwa miaka mitatu: 400,000 kila mwezi. Fremu zinaleta 100,000. Ile 300,000 ya kila mwezi itatoka wapi? Itatoka kwenye vitumbua.

Mchoro tuliubandua wenyewe. Haikuwa rahisi. Mwenzetu aliyeuchora ni fundi mzuri na aliushikilia kwa muda mrefu kabla ya kuukunja.

Lakini binti hakusema nyumba ni mbaya. Alisema sanduku linazaa asilimia 20 kwa kuwa ni dogo na tunajuana. Likijaa sana, wakopaji wazuri watakwisha, tutaanza kumkopesha yeyote. Na sanduku linaweza kuibwa, kiwanja chenye hati hakibebwi. Kwa hiyo ametuachia njia mbili. Ya kwanza, tununue kiwanja kilichopimwa, chenye hati, kama shilingi milioni tatu, tujenge vyumba viwili vya kupanga kwa fedha yetu bila mkopo, na tusiongeze cha tatu mpaka viwili vikae na watu mwaka mzima. Ya pili, tuache fedha mahali ilipo mwaka mmoja zaidi. Tulimwomba atuambie yeye angechagua ipi. Akakataa. Alisema: "Mama zangu, nimewaletea hesabu. Fedha ni yenu." Wengine walikasirika, wakasema tumemsomesha asitujibu. Sisi tunaona alitujibu, ila mjadala huo bado upo.

Tunajua mnataka kuuliza deni. Ameshalipa 2,400,000, kwa simu, kidogo kidogo. Amebakiza 900,000. Alipomaliza mwaka 2023 alikaa miezi mingi bila kazi, na sasa anafanya kazi ya mkataba Dar es Salaam katika ofisi ya wathamini. Miezi mitatu ya mwaka jana hakutuma kitu, tukamwandikia barua kama tunavyomwandikia mwanachama yeyote, na mama yake ndiye aliyeipeleka posta. Akalipa, na faini juu. Kwa hiyo anayesema tulimpa zawadi, daftari lipo mezani, aje asome.

Na wapo watoto wengine wawili wa wanachama walioomba mkopo kama ule, mmoja wa ualimu, mmoja naye anataka mambo hayo hayo ya milki. Hayo nayo yako kwenye ajenda.

Mkutano ni Jumamosi ijayo, saa nane mchana, hapa hapa. Kura itapigwa kwa kokoto kama kawaida, nyeupe kwa kiwanja na nyeusi kwa sanduku. Wenye funguo tatu waje saa saba na nusu. Wenzetu wa Ruangwa, nauli yenu itatoka kwenye mfuko wa jamii, msisahau kumwona Mama Hazina kabla hamjaondoka leo.